Sauti ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Je, sauti ya kuazima husitiri nini? Swali hili limenikaa kichwani kwa miaka mingi, na asili yake si kitabu cha hekima wala mawaidha ya wazee wangu. Lilitokana na sinema ya Kimarekani yenye nyimbo, kofia kubwa na mavazi ya fahari, ambayo watu wengi huiangalia kwa kujiburudisha tu. Sinema hiyo ni My Fair Lady, iliyotengenezwa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1964 chini ya uongozaji wa George Cukor.

Niliiona mara ya kwanza mwaka 1995. Rafiki yangu mmoja aliyerudi kutoka masomoni Uingereza alikuja na kanda ya video, tukakusanyika watu wanane katika sebule yake ndogo mjini Mwanza. Wenzangu walicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilicheka nao hadi katikati, kisha nikanyamaza. Nitaeleza sababu baadaye. Kwanza nisimulie kisa kwa ajili ya asiyekijua.

Eliza Doolittle ni msichana maskini auzaye maua barabarani katika mtaa wa Covent Garden, London, mwanzoni mwa karne ya 20. Huzungumza Cockney, lahaja ya watu wa hali ya chini wa mji ule, na kila afunguapo kinywa hujulikana mara moja alikotoka. Usiku mmoja anakutana na Profesa Henry Higgins, bingwa wa taaluma ya matamshi, ambaye anajigamba mbele ya Kanali Pickering kwamba katika miezi michache anaweza kumgeuza msichana huyu hata akapita kuwa bibi wa ukoo bora katika dhifa ya ubalozi. Kesho yake Eliza mwenyewe anabisha hodi kwa Higgins. Amekuja na vijisenti vyake ili alipie masomo, maana anataka kuajiriwa katika duka la maua, nako hawamchukui kwa sababu ya usemi wake. Naomba msomaji aikumbuke hodi hiyo. Eliza hakuokotwa jalalani. Alikuja kwa miguu yake, akijua anachokitaka. Wanaume wale wawili ndio waliosahau, tangu siku ile ile, kwamba yeye ndiye aliyekuja kununua.

Kisa hiki kina nasaba ndefu. Mshairi wa Kirumi, Ovid, alisimulia habari za Pygmalion, mchonga sanamu wa Kupro, aliyechonga mwanamke kwa pembe ya ndovu, akaipenda sanamu yake mwenyewe, na mungu wa mapenzi akaipa uhai. Katika masimulizi ya Ovid sanamu ile hupata joto, huona haya, huinua macho, lakini haina jina wala haisemi neno lolote. Mwandishi George Bernard Shaw akalichukua jina la Pygmalion na kuandika tamthilia iliyoonyeshwa kwanza Vienna, kwa Kijerumani, mwaka 1913, na mwaka uliofuata London. Shaw aliigeuza hadithi ya kale juu chini: sanamu yake inasema sana, tena mwishowe inamwacha mchongaji na kwenda zake.

Watu hawakuupenda mwisho huo. Katika onyesho la London mwigizaji Herbert Beerbohm Tree, aliyekuwa Higgins, alizoea kumrushia Eliza maua pazia lilipokaribia kushuka, ili watazamaji waende nyumbani wakiamini kwamba kuna harusi. Shaw alikasirika, na mwaka 1916 akaongeza maelezo marefu ya kueleza kwa nini Eliza hakuolewa na Higgins bali na kijana Freddy. Haikusaidia. Filamu ya mwaka 1938 iliurudisha mwisho wa kimahaba. Shaw alipofariki mwaka 1950, njia ilifunguka kwa Alan Jay Lerner, mwandishi wa maneno, na Frederick Loewe, mtunzi wa muziki, kuutia kazi hii nyimbo. Mchezo wao ulianza Broadway mwezi Machi 1956 na kuonyeshwa mara 2,717. Nao ukafuata mwisho wa filamu ile, si mwisho wa Shaw.

Nimeyataja haya ili ieleweke kwamba sinema ninayoizungumzia ni uwanja wa ugomvi wa zamani: je, sanamu iseme, au inyamaze?

Tuanze na sifa, maana zipo nyingi. Ukitaka somo la lugha lililo bora kuliko vitabu vingi, tazama tukio la mashindano ya farasi ya Ascot. Higgins amekwisha kumfundisha Eliza matamshi kwa vidonge na marudio, usiku na mchana, na anataka kumjaribu mbele ya watu wakubwa. Cecil Beaton, aliyebuni mavazi, amewavika wote nyeusi, nyeupe na kijivu, nao wanasimama wima kama vinyago, wakitazama mbio bila kutikisika. Eliza anakaa, anatamka kila silabi kwa ufasaha wa ajabu, kisha anaanza kuwasimulia habari za shangazi yake aliyekufa, na jinsi yeye anavyoshuku kwamba shangazi aliuawa na watu wa nyumbani kwa sababu ya kofia. Anaeleza na ulevi uliokuwamo katika ukoo. Matamshi ni ya Ascot, maneno ni ya Covent Garden. Waungwana wanapigwa na butwaa. Kijana Freddy anavutiwa papo hapo.

Tunacheka, lakini tunamcheka nani? Katika uwanja ule mzima, Eliza peke yake ndiye aliye na jambo la kusema. Wengine wana lafudhi tu. Higgins amempa chombo kipya, naye amekitia mali yake mwenyewe, yaani maisha yake. Kwa Higgins hilo ni kosa la kusahihishwa. Wiki chache baadaye, kwenye dhifa ya ubalozi, kosa limekwisha: Eliza ni mzuri kupita kiasi, anatembea kama malkia, na karibu hasemi neno lenye uzito. Ndipo anaposhinda. Mtaalamu wa lugha aliyekuja kumchunguza anatangaza kwamba huyu ni binti wa kifalme kutoka Hungaria. Tazama mwendo wenyewe: kadiri sauti inavyotakata, ndivyo yaliyomo yanavyopungua.

Kisha wanarudi nyumbani, na hapa ndipo niliponyamaza katika sebule ile ya Mwanza. Higgins na Pickering wanapongezana. Watumishi nao wanampongeza profesa. Wanaimba kwamba ni yeye aliyefanya, ni yeye. Eliza amesimama pembeni, bado amevaa gauni na vito, na hakuna anayemtazama. Cukor anamwacha pale kwa muda mrefu, kama meza iliyosahauliwa baada ya karamu. Wanaume wanapokwenda kulala, Higgins anarudi kutafuta sapatu zake za kuvalia nyumbani, naye Eliza anamrushia usoni. Kisha anauliza swali ambalo profesa hakuwahi kulifikiria: sasa yeye atakuwa nini? Maua hawezi tena kuuza, na ubibi hana.

Nilinyamaza kwa sababu nilimjua msichana wa namna hiyo. Tena mimi ndiye niliyekuwa Higgins.

Mimi ni Msukuma, na lugha yetu haina sauti ya r. Nilipoingia chuo cha ualimu nilikuwa nikisema "kalibu", "habali" na "balabala", na mkufunzi mmoja alinisimamisha mbele ya wenzangu nirudie maneno hayo hadi darasa zima likashika mbavu. Nilijifunza. Nilifanya mazoezi peke yangu porini, nyuma ya mabweni, nikizitetemesha r kama mtu mwenye baridi. Naam, Kiswahili sanifu tulichofundishwa kilikuwa na kwao: Kiunguja cha mjini ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi, na kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ndiyo iliyokisimamia, hata Mswahili wa Mombasa akawa na la kusahihishwa darasani. Lakini hilo hakuna aliyetuambia. Tuliambiwa tu kwamba hivi ndivyo wasemavyo watu, nasi tukaelewa kwamba kwetu hawakuwapo watu.

Baadaye, nikiwa mwalimu katika shule moja ya vijijini, nilimpata mwanafunzi mwenye kipaji. Alikuwa akisimulia ngano hadi wenziwe wakasahau kengele ya kwenda nyumbani, lakini l na r alizichanganya kama nilivyozichanganya mimi. Yalipokuja mashindano ya kuhutubia nilimchukua, nikamfundisha kila jioni. Hotuba niliiandika mimi. Alipotaka kuingiza kisa cha bibi yake nilikikata, nikamwambia kisa hicho hakina hadhi. Siku ya mashindano hakukosea hata r moja. Tulipata nafasi ya kwanza. Walimu wenzangu walinishika mkono, mwalimu mkuu akanisifu mstarini, na mimi nikasema, bila haya, "Huyu nimemtengeneza mwenyewe." Yeye alikuwa amesimama karibu na mlango, cheti mkononi. Sikumbuki kama nilimpongeza. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya hapo hakusimulia tena ngano darasani.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, sapatu zile ziliponipitia machoni niliona kama zimerushwa kwangu.

Jambo la pili nililijua baadaye sana, na ndilo lililonifanya niiheshimu na kuitilia shaka sinema hii kwa wakati mmoja. Waliotengeneza hadithi hii ya msichana aliyepewa sauti mpya walimtendea mwigizaji wao jambo lile lile.

Jukwaani Broadway, Eliza alikuwa Julie Andrews, mwenye sauti safi kama kengele. Jack Warner, aliyekuwa amelipa dola milioni 5.5 kwa haki ya kuutia mchezo huo katika filamu, aliona jina la Andrews halijulikani vya kutosha kwa watazamaji wa sinema. Akamchukua Audrey Hepburn kwa malipo ya dola milioni moja. Hepburn alijifunza kuimba, akafanya mazoezi, akarekodi nyimbo zake. Mwishowe nyimbo hizo karibu zote zikaondolewa, na badala yake ikatiwa sauti ya Marni Nixon, mwimbaji aliyekwisha kumwimbia Deborah Kerr katika The King and I ya mwaka 1956 na Natalie Wood katika West Side Story ya mwaka 1961. Jina la Nixon halikuandikwa popote katika filamu. Kwa hiyo Eliza tunayemwona ni wanawake watatu: uso ni wa mmoja, koo ni la mwingine, na kivuli cha wa tatu kinatembea nyuma yao. Katika tuzo za Oscar za mwaka 1965 My Fair Lady ilipata nane, ikiwamo ya filamu bora. Hepburn hakuteuliwa hata kuwania. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Julie Andrews, kwa filamu nyingine, Mary Poppins.

Linganisha na mwanamume. Rex Harrison, aliyekuwa Higgins jukwaani na katika filamu, haimbi hasa. Hutamka nyimbo zake kama mtu anayebishana. Alikataa kurekodi kabla na kufuatisha midomo baadaye, akisema hawezi kuurudia wimbo kwa namna ile ile mara mbili. Basi mafundi wakamfichia kipaza sauti kisicho na waya kwenye tai yake, na sauti yake ikanaswa papo hapo, pamoja na pumzi na kigugumizi chake. Kwa asiyejua kuimba mitambo ilipindishwa imfuate. Kwa aliyejaribu kuimba, sauti ilivuliwa ikatupwa kando. Simlaumu Nixon, aliyeimba vizuri mno na kufa mwaka 2016 akiwa hatimaye anajulikana kwa jina lake. Simlaumu Harrison pia, aliyeistahili Oscar yake. Nasema tu kwamba studio ilimsikiliza profesa kuliko mwanafunzi, kama ilivyo katika hadithi yenyewe.

Hata hivyo, sauti ya Hepburn haikufutika yote. Imebaki katika sehemu kubwa ya wimbo wa hasira, pale Eliza anapomwapiza Higgins na kuota mfalme akiamuru apigwe risasi. Ndoto inapopanda juu, Nixon anaingia. Inaporudi chini, Hepburn anarudi. Imebaki tena katika vipande vifupi vya wimbo huo huo baada ya dhifa, Eliza akilia. Sikiliza vizuri utaisikia: ni nyembamba, ina mikwaruzo, haijiamini, na ni ya mtu. Kwa maoni yangu hapo ndipo sinema ilipo ya kweli kuliko mahali pengine popote. Walimwachia hasira na machozi. Furaha na mapenzi wakayapeleka kwa fundi. Nadhani hawakukusudia maana yoyote. Walichagua palipovumilika tu. Lakini kazi ya sanaa wakati mwingine hufichua siri za waliyoitengeneza.

Wako wakosoaji wanaosema kwamba Hepburn hakufaa, kwamba Cockney yake ya mwanzo ni ya kuigiza na kwamba tangu tope la Covent Garden anaonekana bibi aliyejipaka masizi. Wana haki kiasi. Lakini mimi humwona mtu ambaye hali yake halisi katika studio inafanana na ya Eliza kuliko walivyotambua, na katika nusu ya pili macho yake yanasema hivyo.

Nusu hiyo ya pili ina mazungumzo mazuri kuliko yote. Eliza anarudi Covent Garden alfajiri, na wenzake wa zamani hawamtambui, wanamwita bibi. Hapo methali yetu isemayo mwacha asili ni mtumwa inaonekana kama ushahidi mahakamani. Kisha anakwenda kwa mama yake Higgins, na huko, kwa Kiingereza kile kile alichofundishwa, anaeleza kwamba tofauti ya bibi na muuza maua haiko katika mwenendo wa mwanamke bali katika jinsi watu wanavyomtendea. Halafu anamwambia Higgins kwamba dunia itaendelea kuzunguka bila yeye. Hapa ndipo ninapoikataa methali yangu mwenyewe. Sauti ile si ya kuazima tena. Alikuja na vijisenti vyake, akaifanyia kazi, na sasa anaitumia kusema asilofundishwa na mtu. Lugha uliyofundishwa huwa yako siku unapoweza kuitumia kumkatalia mwalimu.

Laiti sinema ingeishia hapo! Badala yake tunapelekwa tena katika chumba cha Higgins. Amekaa peke yake jioni, anasikiliza mashine ya kunasia sauti: ni Eliza wa siku ya kwanza, na Cockney yake. Eliza wa leo anaingia kimya, anaizima mashine, na kuyamalizia mwenyewe maneno yale kwa lafudhi ya zamani. Higgins anafurahi, lakini hageuki. Anaegemea kiti, anavuta kofia usoni, anauliza sapatu zake ziko wapi. Muziki unapanda, na Eliza anasogea bila kusema neno.

Wengi hulia kwa furaha mahali hapo, nami sitawazuia. Muziki wa Loewe unaweza kumfanya mtu akubali deni lisilo lake. Lakini tumerudi kwa Ovid. Mwanamke aliyejipatia lugha mbili anaambiwa achague ile inayomfurahisha bwana, kisha anyamaze. Mchongaji anasikiliza sanamu yake katika mashine, na sanamu iliyo hai nyuma yake haitakiwi kusema. Ni mwisho mzuri wa filamu nyingine, si ya hii.

Hivi karibuni niliiangalia tena, katika nakala iliyosafishwa. Nilipofika kwenye sapatu nilimkumbuka tena yule mwanafunzi wangu. Miaka kadhaa baada ya mashindano tulikutana kituo cha mabasi, akiwa mama mwenye mtoto mgongoni. Alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwalimu." Mimi, kwa mazoea, nikamjibu kwa Kiswahili sanifu, r zangu zote zikiwa mahali pake. Alitabasamu kidogo, akapanda basi lake. Sikumuuliza kisa cha bibi yake kilikuwa kipi.

Sijutii kufundisha Kiswahili fasaha. Nilikihitaji, naye alikihitaji, kama Eliza alivyokihitaji Kiingereza chake cha dukani. Ninachojutia ni kwamba nilimpa matamshi nikamnyang'anya kisa. Basi mwenye kuiangalia My Fair Lady na afurahie mavazi, acheke Ascot, aimbe na wanaoimba. Lakini afikapo kwenye wimbo wa hasira, atege sikio. Sauti ile nyembamba yenye mikwaruzo, waliyoiacha kwa sababu haikuwa na uzuri wa kutosha mahali pengine, ndiyo ya mwenyewe.